G36 ikichemka: kisa kizima cha bunduki ya Wajerumani iliyopoteza shabaha

Kisa cha G36 watu wengi wanakisimulia kwa sentensi moja tu, kwamba Wajerumani walitengeneza bunduki ya plastiki wakaipeleka Afghanistan ikachemka ikaanza kupiga pembeni, basi. Sentensi hiyo imeacha karibu kila kitu cha maana. Nimekaa nacho hiki kisa muda mrefu na kadiri ninavyokifuata ndo ninavyozidi kuona kwamba mtutu wenyewe haukuwa mbovu, ulikuwa mtutu mzuri kabisa, na swali ambalo watu walitakiwa kuuliza toka mwanzo ni nini kimeushika ule mtutu, na je hicho kilichoushika na darubini iliyokaa juu yake vinaendelea kuelewana joto likifika?

Tuanze na bunduki yenyewe. G36 ni ya kampuni ya Heckler & Koch ya mji wa Oberndorf, kusini magharibi mwa Ujerumani. Jeshi la Ujerumani, yaani Bundeswehr, lilianza kuigawa kwa askari kuanzia 1997 kuchukua nafasi ya G3, ileile G3 ambayo Wakenya wengi wanaijua kwa kuiona begani mwa polisi wao. G3 ni chuma kizito, inapiga risasi kubwa ya 7.62, na mateke yake begani kila aliyeishika anayajua. G36 ikaja na risasi ndogo ya 5.56, uzito wa kama kilo tatu na nusu hivi, bodi ya plastiki ya polyamide iliyochanganywa na nyuzi za kioo, na darubini ya kukuza mara tatu imejengwa moja kwa moja ndani ya mshikio wa juu. Kwa miaka ya 90 hiyo ilikuwa bunduki ya kisasa sana jamani, askari aliyezoea kubeba G3 akipewa hii anaona kama amepunguziwa mzigo mzima, alafu inavumilia uchafu, haikwami ovyo, na pistoni ya gesi inayoisukuma imetulia.

Mtutu wake una urefu wa milimita 480, umefuliwa kwa nyundo chuma kikiwa baridi, ndani umepakwa kromu, na haugusi kitu chochote kule mbele. Hii ya kutogusa kitu ni jambo zuri maana mkono wa askari au mkanda ukivuta bodi hauupindi mtutu. Sasa kule nyuma, mtutu umekaza ndani ya kipande cha chuma, na hicho kipande cha chuma kimezungushiwa plastiki ya bodi wakati inamwagwa kwenye kalibu. Yaani chuma kimezikwa ndani ya plastiki. Shikeni hapo kwanza, tutarudi.

Kabla ya Afghanistan lazima tuelewane kuhusu joto, maana watu wanaongea "mtutu umechemka" kana kwamba ni kitu kimoja. Ukifyatua risasi moja ya 5.56, baruti inayoungua ndani ni kama gramu moja na nusu na kitu, gesi yake inapita nyuzi 2,000 kwa kipimo cha Selsiasi, juu kabisa ya kiwango cha kuyeyusha chuma. Chuma hakiyeyuki kwa sababu risasi inakaa ndani ya mtutu kwa muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde hivi, joto halipati nafasi ya kuzama. Ila linabaki kidogo kila mara. Nishati ya baruti inayokwenda kwenye risasi yenyewe ni kama robo mpaka theluthi tu, nyingine inatoka na gesi mdomoni na sehemu yake inabaki kwenye mtutu. Chukua hesabu ya kukadiria, tuseme kila risasi inaacha kilojuli moja kwenye mtutu wa kilo moja hivi, hapo unapandisha kama nyuzi mbili kwa kila risasi. Magazini moja ya risasi 30 umeongeza nyuzi 60. Magazini tano mfululizo bila kupumzika umefika pale ambapo ukigusa mtutu ngozi inabaki pale, na hii ni wastani tu, kule karibu na chemba, yaani pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, na kule kwenye tundu la gesi hali ni tofauti.

Joto hilo linafanya mambo kadhaa kwa wakati mmoja na kila moja linapeleka risasi kivyake. Kwanza chuma kinatanuka, mtutu wa milimita 480 ukipanda nyuzi 200 unarefuka kwa zaidi kidogo ya milimita moja, na kurefuka peke yake wala si tatizo kubwa. Tatizo ni pale upande mmoja unapopata joto kuliko mwingine, au pale chuma kilipobaki na mikazo ya ndani toka kiwandani, kikipata moto ile mikazo inalegea bila kulingana na mtutu unajikunja kidogo sana. Pili kuna hewa. Mtutu wa moto unapasha hewa iliyo juu yake, hewa inapanda inacheza mbele ya darubini, na wewe mlengaji unaona shabaha inaogelea, unaifuata ilipoonekana na siyo ilipo. Wawindaji na walenga shabaha wa mbali wanalijua sana hili, wengine wanafunga mkanda mrefu wa kitambaa juu ya mtutu ili kuizuia ile hewa isipite kwenye jicho. Tatu ni risasi yenyewe, ukiiacha ndani ya chemba ya moto kwa dakika nzima baruti yake inapata joto, inaungua kwa kasi zaidi, risasi inatoka na mwendo mkubwa zaidi na kwa umbali mrefu inatua juu kuliko zile za kwanza. Ukizidisha kabisa inaweza kujifyatua yenyewe bila mtu kugusa kifyatulio.

Na nne, ambalo ndo kiini cha kisa hiki, ni kwamba joto halibaki kwenye mtutu. Linatembea kwenda nyuma, linaingia kwenye kile kinachoushika.

Sasa twende Kunduz. Tarehe 2 Aprili 2010, ilikuwa Ijumaa Kuu, kikosi cha askari wa miavuli wa Ujerumani kilivamiwa na Wataliban karibu na kijiji cha Isa Khel, wilaya ya Chahar Dara, kaskazini mwa Afghanistan. Mapigano yalikwenda saa nyingi, wakafa askari watatu wa Kijerumani na wengine wakajeruhiwa vibaya. Kwa Ujerumani ile ilikuwa siku ya mshtuko mkubwa kwa sababu hapo kabla serikali ilikuwa inakwepa hata kuita kilichokuwa kinaendelea kule vita, na hawa ni vijana waliopigana siku nzima kwa bunduki zilezile wanazobeba, wakimimina magazini baada ya magazini kwenye kuta za udongo na mashamba.

Baada ya siku ile na mapambano mengine ya miaka hiyo ndo maneno yakaanza kusikika kwamba G36 ukiipiga sana haipeleki tena unapotaka. Mwaka 2012 magazeti ya Ujerumani yakaripoti kwamba jeshi lenyewe lina majaribio yanayoonyesha hivyo. Na hapa naomba tuwe waangalifu kidogo kwa sababu ndo pale simulizi nyingi zinapopotea. Askari aliye chini ya moto kwa masaa, moyo unamdunda, jasho limejaa machoni, adui yuko nyuma ya ukuta na haonekani vizuri, hawezi kukuambia kwa uhakika kama risasi imepotea kwa sababu ya bunduki au kwa sababu nyingine kumi. Simlaumu hata kidogo, hakuna binadamu anayeweza kutenganisha hayo pale. Ile kazi ni ya kiwanjani, bunduki imefungwa kwenye benchi, vipimo vya joto vimewekwa, risasi zimetoka katoni moja.

Na kiwanjani nako walianza vibaya. Maelezo ya mwanzo yaliyotolewa na upande wa wizara ni kwamba kosa lilikuwa la risasi, kwamba ganda la nje la risasi za kiwanda kimoja halikuwa sawa na likikutana na mtutu wa moto halishiki vizuri mistari ya ndani. Haya ni maelezo ambayo kifundi yanawezekana kabisa, risasi yenye ganda jembamba au lisilo sawa ikipita kwenye mtutu wa moto inaweza kutawanyika. Lakini yaliwafaa watu wengi mno kwa wakati mmoja, maana risasi unabadilisha katoni tu, bunduki takribani 167,000 huwezi kubadilisha kwa wiki moja. Ofisi ya ukaguzi wa hesabu ya serikali kuu ya Ujerumani haikuridhika, ikasukuma jambo lichunguzwe upya.

Ndo likaundwa kundi la wataalamu lililochanganya watu wa taasisi ya Ernst Mach ya Fraunhofer, watu wa kituo cha majaribio ya silaha cha jeshi kule Meppen, wataalamu wa malighafi wa jeshi, na hao wakaguzi wa hesabu. Mwisho wa Machi 2015 waziri wa ulinzi wa wakati huo, Ursula von der Leyen, huyuhuyu ambaye baadaye alikwenda kuongoza Tume ya Ulaya, akatangaza kwamba tatizo lipo na ni la bunduki. Katikati ya Aprili ripoti ikatoka, na tarehe 22 Aprili akasema wazi kwamba G36 kwa namna ilivyojengwa haina mustakabali tena kwenye Bundeswehr.

Namba iliyozunguka dunia nzima ni ile ya asilimia 7. Jeshi lilikuwa linataka bunduki ipate shabaha kwa asilimia 90, na vyombo vya habari vikaripoti kutoka kwenye ile ripoti kwamba joto likipanda kwa nyuzi 30, au bunduki ikipata moto kwa kupigwa mfululizo, inashuka mpaka asilimia 7. Watu wakaisoma kwamba bunduki inakosa risasi 93 kati ya 100 kama vile zinatawanyika hewani hovyo. Mimi naisoma tofauti, na hapa ndo nataka msomaji atulie kidogo. Kuna kutawanyika na kuna kuhama. Kutawanyika ni risasi kumi zinatua eneo kubwa, huku na huku. Kuhama ni risasi kumi zinatua pamoja vizuri tu ila kundi zima limesogea, sema sentimita 40 kushoto. Ukiwa na duara la shabaha lililowekwa pale kati, kundi lililohama linakupa asilimia ndogo sana ya kupata hata kama mtutu bado ni mkali. Kwenye karatasi ya majaribio vyote viwili vinaandikwa "imekosa", lakini kwa fundi ni magonjwa mawili tofauti kabisa. Mtutu uliokunjika au uliolika unakupa zaidi kutawanyika. Mtutu ambao umegeuka uelekeo kwa ujumla wake, wenyewe ukiwa umenyooka vilevile, unakupa kuhama. G36 ilikuwa na vyote kwa kiasi fulani lakini kuhama ndo kulikoiumiza.

Na kuhama kunatoka wapi? Rudini kwenye kile kipande cha chuma kilichozikwa kwenye plastiki. Weka hesabu mezani. Ukigeuza mtutu kwa miliradiani moja, ambayo ni pembe ndogo sana, kwenye mita 200 risasi inahama sentimita 20. Sasa kile kiungo kinachoushika mtutu tuseme kina urefu wa milimita 50 tu ndani ya bodi. Ili mtutu ugeuke kwa miliradiani moja inatosha upande mmoja wa kiungo usogee kwa sehemu ya 0.05 ya milimita, chini ya unene wa unywele. Hiyo huioni kwa macho, huisikii ukitikisa bunduki, ukiipa mkaguzi wa kawaida atakwambia imekaza vizuri. Na kwa mita 300 ule unywele umekuwa sentimita 30, ambayo ni tofauti ya kumpiga mtu kifuani na kupitisha pembeni ya bega lake.

Plastiki za aina ya polyamide zinaanza kulegea ukakamavu wake kuanzia kwenye nyuzi 50 mpaka 80 hivi, na zikiwa zimenyonya unyevu zinalegea mapema zaidi, kwa sababu polyamide inakunywa maji kutoka hewani polepole. Nyuzi za kioo zinasaidia sana, ila zinasaidia zaidi kwenye uelekeo zilipolala, kukatisha nyuzi plastiki inatanuka mara kadhaa zaidi ya chuma. Kwa hiyo pale panapokutana chuma na plastiki, joto likifika kila kimoja kinatanuka kwa kipimo chake na kwa upande wake. Mtutu umepata moto, kipande cha chuma kimepokea, plastiki iliyokizunguka imelegea upande uliopata joto zaidi, na darubini? Darubini imekaa juu ya plastiki hiyohiyo lakini mbali kidogo, kwenye mshikio, ambako joto limefika kwa kiwango kingine. Mtutu unaangalia huku, darubini inaangalia kule. Hakuna kilichovunjika. Ikipoa mara nyingi inarudi karibu na ilipokuwa, ndo maana ukiipeleka kwa fundi kesho yake asubuhi anapiga risasi tano kwenye karatasi anakwambia bunduki yako nzima kabisa.

Kilichonishtua zaidi kwenye matokeo yale wala siyo moto wa kupiga. Wataalamu waliona kwamba hata joto la mazingira linatosha, jua likiipiga bunduki upande mmoja, au hali ya hewa ikibadilika kutoka baridi kwenda joto, na hata unyevu. Sasa fikiria doria inatoka alfajiri Kunduz kuna baridi, saa nane mchana jua limewaka, bunduki imelala upande mmoja juu ya gari. Hujapiga hata risasi moja na tayari darubini uliyoirekebisha asubuhi inakudanganya. Hapo huwezi tena kusema "askari wamezidisha kumimina risasi", na hii ndo sehemu ya kisa ambayo inaondoa ile hoja kubwa ya upande wa pili.

Maana upande wa pili ulikuwa na hoja, na siyo hoja ya kudharau. Heckler & Koch walikataa matokeo toka siku ya kwanza. Walisema G36 ni bunduki ya askari mmoja mmoja, siyo rashasha ya kumimina, na kwamba hakuna bunduki nyepesi ya aina hiyo isiyobadilika ikipata moto. Hilo la pili ni kweli tupu kwa kiwango fulani. Jeshi la Marekani lenyewe kwenye miongozo yake linasema bunduki zake za M16 na M4 ukitaka kuendelea nazo muda mrefu piga risasi 12 mpaka 15 kwa dakika, siyo zaidi. Na walipata somo lao Wanat tarehe 13 Julai 2008, kule Afghanistan hukohuko, kambi ndogo ilivamiwa wakafa Wamarekani tisa, na baadaye kukawa na malalamiko ya M4 zilizokwama baada ya kumiminwa kupita kiasi. Kule bunduki ziligoma, huku kwa Wajerumani bunduki iliendelea kupiga bila kugoma ila haikupeleka ilikoangalia. Kwangu mimi ya pili ni mbaya zaidi kwa namna yake, bunduki iliyogoma inakuambia imegoma, hii nyingine inakuacha unaamini unalenga.

Lakini hoja ya "zote ziko hivyo" iliangukia hapa: bunduki nyingine zilizopitishwa kwenye majaribio ya kulinganisha zilionyesha kwamba inawezekana kubaki na shabaha vizuri zaidi sana kwenye moto uleule. Kwa hiyo ni kweli kila bunduki inahama, ila kuna kuhama kwa vidole viwili na kuna kuhama kwa mkono mzima.

Mambo yakaenda mahakamani. Kampuni ndo ilikwenda, ikitaka mahakama ya Koblenz iseme kwamba serikali haina madai yoyote ya kasoro dhidi yake, na kesi ilihusu bunduki 3,845 za mikataba fulani. Tarehe 2 Septemba 2016 mahakama ikaipa kampuni ushindi. Watu wengi walichukua hukumu ile kama ushahidi kwamba bunduki ilikuwa nzima na waziri aliropoka. Hapana. Mahakama ilikuwa inaangalia mkataba, kama kilicholetwa ndicho kilichoagizwa, na kwa mtazamo wake ndicho. Wanajeshi wa miaka ya 90 waliokaa kuandika wanataka bunduki ya namna gani walikuwa wanatoka kwenye vita baridi, picha iliyokuwa kichwani kwao ni ya uwanda wa Ulaya ya kati, hali ya hewa ya Ulaya ya kati, askari anapiga risasi zake chache anahama. Hakuna aliyekuwa anawaza saa nyingi za kubanwa kwenye shamba la Kunduz. Wakati unaagiza bunduki nyepesi, unaagiza na plastiki. Ukitaka ibaki na shabaha ileile baada ya magazini tano na jua la mchana, sema hivyo kwenye karatasi ya kuagizia na uipime kabla ya kulipa. Kwa hiyo mahakama na wataalamu wote wawili walikuwa sahihi, kila mmoja alijibu swali lake, na mtu anayeshika jibu moja kumpiga nalo mwenzake hajasoma vizuri.

Kitu kingine ambacho lazima kisemwe kwa heshima ya waliokufa: iliundwa pia tume chini ya Winfried Nachtwei, mbunge wa zamani wa chama cha Kijani, kuchunguza kama kuna askari aliyekufa au kuumia kwa sababu ya G36 kupoteza shabaha. Oktoba 2015 tume ikasema haikuona kisa hata kimoja cha namna hiyo, na askari waliohojiwa walikuwa wanaipenda bunduki yao na kuiamini. Naona watu mitandaoni bado wanaandika kwamba wale vijana watatu wa Ijumaa Kuu waliuawa na bunduki mbovu. Hakuna msingi wowote wa kusema hivyo, na familia zao zinasoma.

Lakini pia sikubaliani na wanaosema kwamba kwa sababu hakuna aliyekufa basi hakukuwa na tatizo. Askari walikuwa wanaiamini bunduki kwa sababu haikukwama, ilikuwa nyepesi, na kwenye uwanja wa mazoezi nyumbani ilikuwa inapiga vizuri. Mazoezi yale yanakuwaje? Unalala chini, unapiga chache, unasimama, unasubiri mwenzako, karatasi zinakaguliwa, unarudi. Mtutu haupati hata nafasi ya kuchemka, hiyo hali inayolalamikiwa haitokei kabisa. Unaweza kuitumikia bunduki hiyo miaka kumi kwa mazoezi ya namna hiyo na usiwahi kukutana na sura yake ya pili.

Kama mtu ana bunduki halali, mwindaji au mlenga shabaha, na anataka kujua yake ikoje, njia ya kuipima ni rahisi na inahitaji uvumilivu tu. Piga kundi moja la risasi tano mtutu ukiwa baridi kabisa, weka karatasi pembeni. Alafu pasha mtutu kwa magazini kadhaa kwa mpangilio, badilisha karatasi, piga tano nyingine mara moja, risasi za katoni ileile na darubini usiiguse. Sasa usitazame ukubwa wa kundi tu, tafuta katikati ya kila kundi ulinganishe. Kama kundi la pili limepanuka lakini katikati ni palepale, angalia mtutu na risasi. Kama kundi limebaki dogo lakini limehama, angalia kiungo cha mtutu na bodi, skrubu za kitako, na msingi wa darubini, huko ndiko kuna kitu kinachosogea. Na acha risasi isikae kwenye chemba ya moto wakati unabadilisha karatasi, kwa usalama kwanza na pia isikuharibie kipimo. Mwisho iache ipoe kabisa upige kundi la tatu uone kama imerudi. Hilo la tatu wengi wanaliruka na ndo linalokwambia kama kuna kitu kimelegea moja kwa moja.

Bundeswehr wenyewe hawakuzitupa G36 siku ile. Hauwezi kuvua jeshi zima bunduki. Askari waliendelea nazo, wakaelekezwa waziache zipoe na wapunguze kasi ya kupiga pale inapowezekana, na kwa waliokuwa wanatumwa nje jeshi likatafuta silaha za kuziba pengo, 600 za aina ya G27P ambazo zinapiga risasi kubwa ya 7.62, na rashasha nyepesi 600 za MG4. Ukiangalia chaguo hilo unaona wameelewa tatizo: kazi ya kumimina ikabidhiwa silaha iliyojengwa kumimina, na kazi ya mbali ikabidhiwa silaha nyingine ya shabaha.

Kumpata mrithi nako kukachukua miaka. Septemba 2020 zabuni ikaenda kwa kampuni ya C.G. Haenel ya Suhl na bunduki yao MK 556, Heckler & Koch wakapinga kwa madai ya hataza, mwaka 2021 Haenel akaondolewa, kesi ikaendelea mpaka mahakama ya Düsseldorf ikaimaliza 2022, na Desemba mwaka huo kamati ya bajeti ya bunge ikapitisha fedha za kununua karibu bunduki 118,000. Aliyeshinda ni Heckler & Koch haohao, kwa bunduki inayotokana na HK416, ambayo jeshini imepewa jina G95. Ukubwa wa risasi haukubadilika, ni 5.56 ileile, na mfumo wa gesi ni wa familia ileile ya pistoni ya mwendo mfupi.

Kilichobadilika ni pale nilipowaomba mpashike. Kwenye HK416 mtutu unaingia kwenye bodi ya juu ya alumini, na reli ya darubini imekatwa juu ya bodi hiyohiyo. Alumini nayo inatanuka, tena inatanuka karibu mara mbili ya chuma, ila inasambaza joto haraka na hailegei kwenye nyuzi 80, kwa hiyo mtutu na darubini vikipata moto vinasogea pamoja.